Homa ya Cirimwami Imeshuka

Benchi yangu ya kuuzia kahawa ni ubao juu ya mawe mawili ya lava. Tangu volkano ilipokata mabomba ya maji, kila nyumba iko na pipa la maji uani, na mbu wanazaana humo kwa raha. Ndiyo dengue ikatufikia. Cirimwami, musukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, aliwaka homa siku ine; leo imeshuka, amekuja kunywa kahawa na kujivuna.

— Nimepona! Hii dengue ni ya pili, mwili iliijua tangu mwaka jana. Imekimbia.

— Imekimbilia wapi, papa? akauliza Jafari, tunayemuita Radio, dereva wa njia ya Rutshuru. Mbu alikuuma usiku?

— Mchana, juu ya chukudu.

— Basi si mbu. Ni gazi ya volkano inapika damu.

Hategekimana akacheka. Tunamuita Brassage, ile kuchanganya waasi mu jeshi la serikali, sababu alipita mu majeshi matatu na buti moja.

— Gazi ya nini? Kirusi ni muasi. Askari wa mwili walipigana na ndugu yake mwaka jana. Huyu mupya anafanana naye. Wanamushika, hawamuui, wanamupitisha bariere ya barabarani mpaka kambini. Kule anazaa. Mimi niliingia jeshi hivyo!

— Muongo! Mwili haina bariere.

— Iko, na askari yake anaomba sigara!

Apolline, muuguzi wa mtaa wetu, alikuwa anangojea kikombe chake.

— Radio, nyamaza, mbu wa dengue anauma mchana. Brassage amekaribia ukweli.

Brassage akanyoosha shati kama amepewa nyota.

— Dengue iko aina ine, akaendelea Apolline. Kinga ya aina ya kwanza inashika aina ingine bila kuiua, inaiingiza mu seli. Kirusi kinaongezeka, kinamwaga protini inayolegeza mishipa. Maji ya damu inavuja. Na inavuja wakati homa imeshuka.

Akamugeukia Cirimwami.

— Umekojoa lini mara ya mwisho?

Cirimwami akatuangalia mumoja mumoja, kama kuna mutu anamuhesabiaga. Radio, mwenye kujua yote, akaangalia mu kikombe. Mimi niliangalia kikombe cha Cirimwami: ukingo ulikuwa na damu.

— Tumbo ndiyo inauma kidogo, akasema polepole.

Tukamulaza juu ya chukudu yake wamupeleke hospitali. Brassage akasukuma, Radio akatangulia akipiga kelele watu wapishe, Apolline ubavuni.

Nikabaki na birika imejaa na benchi tupu. Nikaenda nyuma ya nyumba kufunika pipa langu. Mwaka mzima lilikuwa wazi.