Mistari ya Lubugo

Lori la kahawa lilipoondoka Bugene, Kemirembe alikaa juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Alikuwa anakwenda Bukoba kwenye kesi ya kifo cha mumewe. Muuaji aliacha alama ya goti yenye mistari ya nguo kwenye udongo mbichi wa ukuta, na polisi waliilinganisha na lubugo, nguo ya gome la mti, aliyovaa shemeji yake, ambaye sasa ndiye mshtakiwa.

“Mistari imelingana yote,” alisema Melkiory, mchuuzi wa Muleba, kana kwamba aliipima mwenyewe. “Atanyongwa.”

Mzee Sostenes, mfugaji, alicheka bila furaha. “Mwanangu, umezoea nguo za dukani. Mistari hiyo ni ya nyundo iliyoponda gome. Kijijini kwetu Chonyonyo sote tunapondewa na fundi mmoja, Byaruhanga, na nyundo yake ni moja. Watunyonge sote?”

“Mbona aliyegombana na marehemu ni yeye tu, mzee?”

“Ugomvi nao una mistari?”

Kemirembe akatazama lubugo ya msiba aliyojifunga. Mistari ilikuwa ile ile.

Lori likasimama mbele ya mahakama. Sostenes akamshika mkono ashuke. “Pole, mama. Nawe una ndugu ndani?”

“Shemeji, baba. Mimi ndiye niliyewaapia polisi kwamba alama ni ya nguo yake.”