Mashine Kumi na Nne za Mavumbi

Benchi la kijiweni liliegemea ukuta wa kibanda cha Kiraka, fundi viatu, na asubuhi hiyo lilikuwa na watu wale wale. Kiraka mwenyewe alikuwa na kiatu mapajani. Pembeni yake alikaa Redio, kinyozi ambaye tangu azaliwe hajapata kuzimwa, kisha Profesa, mwalimu mstaafu na gazeti lake la juzi. Mwisho kabisa, karibu na birika la kahawa, alikaa Mavumbi, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa mashine za kufyonza vumbi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yake, mashine kumi na nne kuukuu zilikuwa zimepangwa mstari. Alikuwa amezikusanya moja moja kwenye majalala na stoo za ofisi, akazijaza chumba cha nyuma. Leo dada yake anatoka hospitali na chumba kinatakiwa. Binti yake alisema mara moja tu: mkokoteni wa vyuma chakavu unakuja saa nne, baba, bakiza moja. Mavumbi hakupata usingizi, na bado hajajua abakize ipi.

— Bakiza ile ya bati, alisema Kiraka bila kuinua macho. Ile ndefu kama mtungi wa gesi. Chuma cha watu waliokuwa wakiona haya kutengeneza ovyo.

— Ile nzito kama ndama, alisema Profesa. Bakiza yenye taa mbele. Iko siku watajenga makumbusho wataitafuta.

— Makumbusho ya vumbi? aliuliza Kiraka.

— Ya kazi za watu. Ukiingia makumbusho unaonyeshwa mikuki tu. Mkuki ulitumika mara ngapi kwa mwaka? Sakafu inafagiliwa kila siku.

Mavumbi aliona hilo lina maana, akataka kusema, ila Redio alishadakia.

— Wazee, mnapotea. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Sasa hiyo inaingilia wapi hapa? aliuliza Kiraka.

— Inaingia popote. Hizi zimekaa bure miaka minne, nani kazipa jembe? Lakini tuache hilo. Msiangalie mashine, angalieni mfuko wake. Vumbi la ofisi ni nini? Ni ngozi za watu. Mkurugenzi anajikuna, ngozi inadondoka, mashine inafyonza. Miaka ishirini. Mle ndani ya ile ya kijani kuna mkurugenzi mzima.

— Mzima?

— Labda hana viatu.

Kiraka alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Mavumbi alijimiminia kahawa. Alikuwa amechoka hata kucheka.

— Na ndiyo maana zilitupwa, Redio aliendelea. Hamkujiuliza? Mashine leo inafanya kazi, kesho iko jalalani. Imejua mengi. Inafyonza karatasi zilizochanwa, inafyonza na maneno.

— Maneno hayafyonzwi, alisema Profesa.

— Mbona ikiwashwa humsikii mwenzako? Yanakuwa yameenda wapi?

Profesa alipiga funda la kahawa.

— Kelele zile ziliwekwa makusudi, alisema hatimaye, kwa sauti ya darasani. Wakubwa waliagiza, ili mfagiaji asisikie wanachopanga.

— Mimi naona ni ili yeye asisikike, alisema Kiraka.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Redio alidakia. Kwa hiyo wafagiaji wote wangekuwa vilema. Umeona?

— Sijaona kitu.

— Mifuko ni mitupu, alisema Mavumbi.

Wote watatu wakamgeukia.

— Nilishaifungua yote. Hamna kitu.

— Ulikuwa unatafuta nini? aliuliza Redio.

Kiraka alimkanyaga Redio mguu. Mke wa Mavumbi alifagia ofisi za jengo la bima kwa miaka kumi na tisa. Alipofariki, miaka minne iliyopita, arobaini haijaisha Mavumbi akaja nyumbani na mashine ya kwanza. Tangu msibani hakuna aliyewahi kumtaja yule mama mbele yake. Waliona huko ndiko kumsitiri mwenzao. Mavumbi alikuwa akitamani hata mmoja amtaje, ila angeanzaje kuomba jambo kama hilo?

Mkokoteni ulifika kabla ya saa nne. Aliyeusukuma hakuwa yule kijana wa siku zote, alikuwa mwanamke mwenye glavu zilizotoboka vidole.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Kaka yangu anaumwa, nimemshikia kazi. Nimeambiwa kuna moja inabaki. Ni ipi?

Wale watatu wakajibu kwa pamoja: ya bati, ya taa, ya kijani yenye mkurugenzi. Mwanamke aliwasikiliza mpaka walipoishiwa pumzi, kisha akamtazama Mavumbi.

— Ndiwe mwenyewe, baba? Mbona mashine hizi? Kuna watu wanakusanya redio, saa.

— Mke wangu alikuwa mfagiaji, alisema Mavumbi. Alisukuma mojawapo ya aina hizi miaka kumi na tisa.

— Pole, baba. Basi mbona rahisi. Alikuwa anasukuma ipi?

Redio alitazama chini. Profesa alilikunja gazeti mara mbili, akalikunjua. Kiraka alishika kiatu, hakukishona.

Kwa miaka thelathini, mtu yeyote aliyemletea Mavumbi mashine aliulizwa kwanza: ni aina gani, inakusumbua wapi? Wageni, madereva, hata watu asiowapenda, wote aliwauliza. Mkewe alikuwa akirudi jioni, anakaa kizingitini, anavua viatu, anasema mgongo. Naye alikuwa akimwambia apake dawa. Siku moja alisema mashine yake inavuta upande, mpaka kiuno kinawaka moto. Mavumbi alikuwa na mota ya mtu mezani. Alimjibu kwamba mashine zote zina upande wake, akaendelea kukaza nati. Tangu azikwe amekuwa akikusanya, akidhani iko siku atashika mpini mmoja na mkono utamwambia. Mkono haukumwambia kitu. Aibu ilimpanda pale benchini mbele ya wenzake, wala hakujaribu kuificha.

— Sijui, alisema. Sikumuuliza.

— Hata rangi?

— Hata rangi.

Alinyanyuka, akavuka barabara, akaanza kupakia mwenyewe. Ya bati, ya taa, ya kijani. Kiraka na Profesa walimfuata kumsaidia, na Redio naye akabeba mbili bila kusema neno. Binti alitokea mlangoni na shuka mkononi.

— Baba, umebakisha ipi?

— Hakuna. Mtandikie shangazi yako.

Mwanamke alifunga kamba, akaushika mkokoteni, akausukuma hatua tatu. Mavumbi alimtazama namna alivyoukaza mkono mmoja kuliko mwingine.

— Mama, alimwita. Huo mkokoteni unavuta upande gani?

Mwanamke alisimama. Alimtazama kwanza kama mtu asiyeamini kwamba ameulizwa yeye.

— Kulia, alisema. Mpaka bega linakufa ganzi.

— Usiondoke, alisema Mavumbi, akaingia ndani kutafuta spana.