Shangazi Aliyekataa Kuwalaumu Wauguzi

Marehemu shangazi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1979, akawa karani. Akiwa na miaka thelathini na mitatu alirudi darasani kusomea kompyuta, mkubwa kuliko mwalimu wake.

Tarehe 5 Desemba 1987 aliolewa na fundi saa, ambaye hudai alikubaliwa kwa sababu hakuwahi kumkatiza mazungumzo.

Kazi yake ilikuwa kupima kama programu za kompyuta za hospitali zinatumika kwa urahisi. Alimketisha mtumiaji mbele ya skrini, naye akakaa nyuma na daftari, kimya. Kazini walimwita Bi Kimya. Sisi wa nyumbani tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kijana aliyetengeneza programu akishindwa kuvumilia, akanong'ona, "Bonyeza hapo juu, dada," aliambiwa, "Kalia mikono yako, baba. Wodini hutakuwepo."

Agosti 2011 aliletewa programu ya kuandikia dozi za wagonjwa, imebaki wiki moja ianze kutumika hospitalini. Wauguzi sita kati ya wanane walioijaribu walimwandikia mgonjwa dawa isiyo yake, kwa sababu kila walipobonyeza "Hifadhi", skrini ilirudi yenyewe kwa mgonjwa wa kwanza kwenye orodha. Mkurugenzi wa kampuni iliyoitengeneza akawaka.

"Hawako makini hao. Watafundishwa. Wewe tia saini tu."

"Sitii saini. Mgonjwa atakufa, halafu afungwe muuguzi? Kaa hapa, bosi, uandike wewe."

Mkurugenzi akakaa, akaandika dozi ya kwanza, akahifadhi, akaandika ya pili, akabonyeza kwa madaha.

"Hongera," shangazi akasema. "Mgonjwa wako wa kwanza amepewa dawa ya jirani yake."

Programu ilirudi kutengenezwa wiki tano. Mpaka shangazi anastaafu mwaka 2021, hakuna muuguzi aliyeadhibiwa kwa kosa la skrini ile. Tulitangaze hili leo kwa sauti: alisimama na wanaolaumiwa bure, na akashinda!

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa tatu asubuhi, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne na kaka yake mkubwa. Yeye apumzike kwa amani, amemaliza. Sisi bado tuna watu wa kutetea.