Nilijaribu Mashine Bila Embe

Wapendwa, wengine husimama hapa wakiwa na furaha. Mimi leo nimesimama na hasira, mnivumilie.

Mnajua mimi ni fundi wa umeme kiwandani, kule kwenye juisi. Mashine ya kukata maembe ina jicho la usalama: likiona mkono, kisu kisimame. Siku ile hakikusimama. Dada mmoja wa kijiji cha Tezo, mshirika wa kanisa hili, tuliyekuwa tukila naye kila mchana, akapoteza vidole viwili.

Bosi akaniletea karatasi: mashine ni nzima, dada ni mzembe. "Weka sahihi, fundi. Si uliijaribu mwenyewe?" Kweli niliijaribu, ikasimama. Nikaweka. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Dada akafukuzwa bila hata pole, na mimi nikawa naingia kanisani kwa mlango wa pembeni nisikutane naye.

Roho haikutulia. Nikaifungua programu, nikaisoma mstari kwa mstari. Kompyuta ya mashine huenda kwa mizunguko: husoma, huamua, na mwisho wa mzunguko ndipo hupeleka amri kwenye mota. Jicho likiona mkono, kazi inakatizwa na amri ya "zima" inaandikwa. Kumbe iliandikwa kwenye kumbukumbu tu, ikingoja mwisho wa mzunguko. Kazi ya kawaida ikirudi kuendelea, ikiona embe kwenye mkanda, inaandika "washa" juu yake. Mota inapata "washa". Ile "zima" haifiki kamwe.

Na mimi niliijaribu mkanda ukiwa mtupu. Bila embe hapakuwa na wa kuandika "washa".

Nikamwita bosi, nikajaza maembe, nikapitisha bua la muhindi mbele ya jicho. Bua likakatwa vipande vitatu. "Rekebisha," akasema, "wala usimwambie mtu." Haki ya Mungu! Vidole vya mtu, nisimwambie mtu? Nikaandika barua ya kweli, nikaipeleka Tezo kwa dada kwanza.

"Dada, nilisaini uongo." Akasogea mlangoni kunipisha. "Ingia ule," akasema.

Sasa jicho linakata umeme wa mota moja kwa moja, halingoji mzunguko. Nawashukuru nyinyi mliompikia dada nilipokuwa najificha, na wazee mlionisindikiza kwa bosi na barua yangu mpaka dada akarudishwa kazini. Mafundi wenzangu, jaribuni mashine ikiwa na kazi, kama watu wanavyoitumia.

Dada, simama wakuone. Hukuwa mzembe. Mzembe nilikuwa mimi, na karatasi ile yenye sahihi yangu ninayo hapa.