Mwalimu Semei na Safari ya Mwaka Usio wa Kisu

Ndugu waombolezaji, ukoo umenituma mimi Nafuna, binti wa dada yake, niwasomee maisha ya Mwalimu Semei Mafabi, nayo nitayasoma kwa Kiswahili, kwa kuwa wamekuja Wasoga wa Jinja, wenyeji wa Mbale na wakwe zetu wa Bungoma, na hakuna lugha nyingine itakayotufikia sote, hata kama wengine mkiisikia, kwa kuwa ndiyo lugha ya askari, mnatazama nyuma kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1932 hapa Wanale, mtoto wa tatu wa Mzee Eria na Mama Nambozo, akasoma shule ya misheni chini ya mlima, na kwa kuwa kwenda darasani kulikuwa kuteremka na kurudi kulikuwa kupanda, alikuwa mkimbiaji kabla hajajua kwamba kukimbia nako hupewa vikombe. Alihitimu ualimu mwaka 1954, akapangiwa Jinja Januari 1955, akafundisha jiografia na michezo mpaka mwisho, na tarehe 12 Desemba 1959 akafunga ndoa na Roselyn Nasimiyu wa Bungoma, wakajaliwa watoto wanne, wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1969 shule yake ilifunga undugu na shule moja ya Denmaki, wazazi wa kule wakawa wanachanga, wakituma viatu vya mbio, mipira na nauli, ili vijana wa pande mbili wakutane uwanjani, wale pamoja, wabishane, wakue. Kwingine jambo kama hilo lingemletea mtu heshima, lakini kwetu kitu cha bure hakikosi mchawi: wakubwa walisema anawauzia wageni habari, majirani walisema anakula, wakamwita Bwana Viatu, na wafadhili nao, huko kwenye baridi yao, wakataka picha ya kila kiatu kikiwa mguuni. Pande tatu zilimshuku, na hakuna hata moja iliyofika uwanjani jioni kumwona akipuliza filimbi.

Mwaka 1977 wageni walishindwa kuingia nchini, wakatuma neno kwamba watawasubiri vijana Bungoma, na wasipofika, undugu umekwisha, mchango utakwenda kwingine. Tarehe 13 Agosti Mwalimu akawapakia vijana wake katika lori la rafiki yake Jafar, na kwenye kizuizi kabla ya mpaka wakashushwa wote, wamevaa sare, filimbi shingoni, wakaulizwa wao ni jeshi la nani. Kusema kwamba wanalipiwa na Wazungu kulikuwa kuwachimbia watoto kaburi, basi Mwalimu akavua kofia, akasema, “Afande, hawa ni vijana wa kisu, wa kutahiriwa, tunawapeleka kwa wajomba zao, mambo ya kimila tu.” Yule mkubwa akajibu, “Kama ni ya kisu, cheza hapa, mimi naona.” Wakacheza, wakipuliza filimbi na kutingisha mabega, na kwa kuwa nusu yao walikuwa Wasoga, ambao kwao ngoma hiyo haipo, mmoja aliruka kama aliyekanyaga siafu, afande akashika tumbo kwa kicheko: “Mwalimu, hii moja unasumbuka bure! Ikiona kisu, itakimbia mpaka Nairobi!” Wakapita, wakashindana mbio huko Bungoma, wakarudi wote salama, na undugu ukabaki.

Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo Mwalimu aliitwa kujibu maswali, na swali la kwanza, kama alivyokuja kumwambia mkewe, lilikuwa hili: tangu lini Wamasaba wanatahiri mwaka wa sabini na saba?

Hapo, ndugu zangu, tusipite haraka. Sisi kisu chetu kinajua miaka yake, sabini na nne, sabini na sita, sabini na nane, katikati hakuna, lakini wale wa kizuizini walikuwa wageni wa huku, hawakujua, ndiyo maana walicheka badala ya kukasirika. Sasa nani aliyekwenda kuwafundisha hesabu hiyo? Hakutoka Denmaki. Ni mtu wa kwetu, aliyechezewa ngoma hiyo naye, pengine jana ameleta kuni za matanga na tukamwambia ahsante.

Kutoka huko alikoitwa, Mwalimu alirudi nyumbani tarehe 20 Januari 1978 akikohoa damu, akalazwa hospitali hapa Mbale, akafariki tarehe 4 Februari kabla ya mapambazuko, cheti kinasema homa ya mapafu, nasi tunakisoma kama kilivyoandikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliotafuta dawa mahali ambapo dawa hazipo, majirani wa mtaa wa Nkoma kwa uji wa kila asubuhi hospitalini, walimu wenzake waliothubutu kuja, Jafar aliyemleta, na vijana waliobeba jeneza, ambao sitawataja.

Sasa tutatupa udongo, mmoja mmoja, na familia itasimama kando ya kaburi mpaka mtu wa mwisho. Nawe uliyemsemea kwa wakubwa, kama upo, pita kama wenzako, tuuone mkono wako, maana atakayebaki nyuma atakuwa amejitaja mwenyewe. Mwalimu Semei, amani waliyokunyima juu ya udongo huu, uipate chini yake.