Mama Mizani na Kliniki ya Ng'ambo

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, muuguzi mkuu wa zahanati yetu atavua sare yake nyeupe baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wagonjwa wanamwita Mama Mizani. Sisi wa mapokezi tunamwita hivyo pia, ila akiwa chumba cha pili.

Alifika akiwa msichana mwembamba na sanduku moja la bati. Watoto aliowapokea wakizaliwa hawahesabiki. Wawili kati yao ni wafanyakazi wenzake leo, na kila wanapochelewa kazini huwakumbusha nani aliwaona kwanza, tena wakilia.

Si kila kitu alikipatia mara moja, na mwenyewe ameniruhusu niandike hili. Zamani kliniki ya watoto ilikuwa Jumatano, hapa hapa, na akina mama wa ng'ambo ya mto walikuwa hawaji. Mama Mizani akaamua kwamba ni wazembe. Siku moja alifunga safari kwenda kuwapa vidonge vyao. Alitembea saa tano, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, na hasira yote ikamwishia kwenye kilima kikali cha kule ng'ambo. Mama wa kwanza aliyemkuta alikuwa na mapacha wa miezi saba ambao hawajapata chanjo hata moja. Alimuuliza kwa upole tu, ambebe yupi na amwache yupi.  Mama Mizani anasema hajawahi kuona aibu kama ile.

Mwezi uliofuata kliniki ilivuka mto. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mizani hufungwa kwenye boriti la banda la seremala wa kule. Aliibeba mgongoni mwenyewe, na ndiko jina lilikotoka. Barafu ya sanduku la chanjo haingoji mtu, kwa hiyo njiani hakuna kupumzika. Nilifuatana naye mara moja, nikaumwa miguu siku tatu. Mwaka jana watoto themanini na wanne wa ng'ambo, kati ya themanini na sita, walimaliza chanjo zote. Wawili waliobaki anajua hadi rangi ya milango yao.

Kwenye kikao cha mwezi uliopita baadhi yetu tulipendekeza kwamba, yeye akiondoka, kliniki hiyo iwe mara moja kwa miezi mitatu. Umbali ni mkubwa na sisi ni wachache. Niseme ukweli, aliyelitoa wazo hilo ni mimi.

Mama Mizani hakubishana, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Asubuhi iliyofuata alipanga foleni dirishani kwangu kama mgonjwa yeyote, akaomba afunguliwe kadi. Ana shinikizo la damu, na lazima apimwe kila mwezi. Nilipofika kwenye mstari wa makazi, akanitajia: ng'ambo ya mto, nyumba ya pili kutoka banda la seremala. Amejenga huko vyumba viwili, na magoti yake hayataki tena kile kilima. Niliandika huku nimeinamisha uso.

Kliniki imebaki ya kila mwezi. Jumamosi hii, siku moja tu baada ya sherehe ya kumuaga, mizani nitaibeba mimi.

Mama yetu, tunakushukuru kwa kila hatua uliyotembea. Kaa kwa raha, ulale hadi jua lichomoze. Tutafika.