Kopo la Chumvi la Mwalimu Nikolausi Gidamis (1908–1957)

Ilisemwa hapa Katesh, na aliyeanza kuisema ni Mama Juliana, jirani wa familia, akiwa kisimani, kwamba Mwalimu Nikolausi anafuga atomu ndani ya kopo. "Ile ile iliyounguza mji wa Wajapani," alisema. "Iko juu ya kabati lake. Siku ikiamka, Katesh yote majivu." Mama Juliana yupo hapa leo, na hatajwi kwa ubaya. Alilolisema yeye kwa sauti, wengi walilisema moyoni. Ndiyo maana tangu asubuhi watu wengi wamesimama kule kwenye ua wa minyaa na hawasogei kaburini. Basi ni vizuri ijulikane marehemu aliishije, na kopo lile lilitoka wapi.

Marehemu alizaliwa Balangdalalu mwaka 1908, mtoto wa nne wa mzee Gidamis, mfugaji. Tarehe haikuandikwa. Mama yake alikumbuka tu kwamba ng'ombe walikuwa wamepelekwa Ziwa Balangida kulamba chumvi. Mama huyo alikwangua chumvi ukingoni mwa ziwa, na Nikolausi alimsaidia kuipeleka Mbulu kwa punda. Mwaka 1920 padre mmoja wa Mbulu aliomba kijana abaki huko asome. Mzee Gidamis akakataa katakata. Mama ndiye aliyesema, "Mwache. Huyu akihesabu ng'ombe anasahau kuwachunga." Akamjazia kopo la chumvi, asile chakula kisicho na ladha kwa watu wasiomjua.

Alisoma shule ya misheni Mbulu hadi 1926, akaendelea na ualimu, akapata cheti mwaka 1929. Padre alimpa kitabu cha zamani kilichokwisha kung'oka jalada, na hicho ndicho kilichomteka. Humo alisoma habari za Wayunani wa kale waliosema kwamba ukikata kitu na kukikata tena, utafika kwenye chembe isiyokatika, waliyoiita atomu. Alisoma habari za Mfaransa aliyepima kila kitu kwa mizani kabla ya kukichoma na baada ya kukichoma, akaona hakuna kinachopotea, na mwisho watu wa nchi yake wakamkata kichwa. Alisoma pia habari za Mwingereza Dalton, mtoto wa mfumaji, aliyesema kila kitu kina chembe zake, na kwamba chembe hizo huachana na kuungana upya. Huyo Dalton alimpenda kama ndugu, kwa sababu naye alianza kufundisha akiwa kijana mdogo.

Tarehe 3 Juni 1931 alifunga ndoa Mbulu na Bi Tekla. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joakimu na Kornelia, ambaye ndiye anayewasomea hapa.

Alifundisha Mbulu, na mwaka 1938 akahamishiwa Katesh. Wanafunzi wake hawajasahau somo la chumvi. Aliazima mizani dukani kwa mzee Hasani, akapima chumvi ya kopo, akaikoroga kwenye maji hadi isionekane.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

"Imekufa, Mwalimu!" watoto walijibu.

Akachemsha maji hadi yakaisha, chumvi ikabaki nyeupe chini ya sufuria. Akaipima tena. Mzee Hasani, aliyefuata mizani yake kwa wasiwasi, alicheka: "Mwalimu, unapima ulichokwisha kukipima? Wewe ukifungua duka utakufa njaa." Kisha kila mtoto alionja kidogo kwa ncha ya kidole. "Haikufa," Mwalimu aliwaambia. "Ilijificha tu."

Mwaka 1945 mzee Hasani alisoma gazeti kwa sauti kwenye baraza la duka lake. Atomu imepasuliwa, mji umeungua. Marehemu alirudi nyumbani, akakaa bila kula. Kesho yake alisimama mbele ya darasa akasema, "Niliwafundisha kwamba chembe haikatiki. Kitabu changu kilikuwa cha zamani. Imekatika, na watu wamekufa." Alisema kweli, kama kawaida yake. Lakini watoto walirudi kwao na neno moja tu, kwamba Mwalimu anaijua atomu, na kwamba wao wameilamba.

Mwaka uliofuata surua ilipita Katesh. Ilichukua watoto wa nyumba nyingi, na mmoja wao alikuwa Patriki, mtoto mdogo wa Mama Juliana. Juma lile lile alikuwa ameonja chumvi ya kopo. Mama Juliana alikuja uani akiwa na kanga ya mtoto mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwalimu, huyu naye amejificha?"

 Tangu siku ile marehemu hakufundisha tena somo la chumvi. Kopo lilipanda juu ya kabati, likakaa huko. Kornelia, akiwa msichana mdogo, aliwahi kumwona baba yake akilishusha, akiweka kidole kwenye kifuniko, kisha akilirudisha bila kulifungua. Naye Kornelia hakuligusa. Alipokuwa akifagia alipita mbali na kabati, na alipopata mtoto wake Lukasi, alihamisha kitanda cha mtoto kikae ukuta wa pili. Baba aliona.

Mwaka jana mwezi wa Oktoba alianza kukonda, na tumbo likavimba. Majirani wakasema kopo linamla. Mganga wa hospitali Mbulu alisema ni ini. Alirudishwa nyumbani, akafariki Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, alfajiri. Vijana wa hapa hawakukubali kuchimba kaburi. Limechimbwa na ndugu zake waliotembea kutoka Balangdalalu, na familia inawashukuru sana.

Marehemu ameacha mjane, Bi Tekla, watoto wawili, mjukuu mmoja, Lukasi, na wanafunzi wengi, wakiwemo wale waliosimama kule kwenye minyaa. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna swali lisilo na jibu.

Limebaki neno moja, na kopo lenyewe liko hapa. Jumatano jioni Kornelia alikuwa akimlisha uji, Lukasi akiwa mgongoni. Baba alitazama kabati.

"Unaliogopa na wewe," alisema.

"Ndani kuna nini, Baba?"

"Chumvi ya mama yangu. Iliyobaki." Alisukuma kijiko kando. "Mimi niliiogopa kuliko ninyi. Niliogopa nikiionja, nitamwona yule mtoto."

Kisha akamshika mkono. "Siku ya kunizika, lifungue mbele yao. Onja wewe, na Lukasi umwekee kidogo ulimini. Wakikuona umempa mwanao, watasogea. Halafu mpelekee Mama Juliana. Usimwambie habari za chembe, mwanangu. Wala usimwambie onja. Mshikie kopo tu, usimame naye mpaka atakapotaka yeye."